Saa ya Sekunde 24: Jinsi Sheria Moja Ilivyookoa Mchezo

Somo letu la leo ni somo la hesabu, tena ni somo la uraia. Msishangae nikiwaambia kwamba tutajifunza yote mawili katika mpira wa kikapu. Kiongozi wa kila kikundi tafadhali aweke tayari ubao na chaki, na mlioko majumbani tafuteni karatasi na kalamu, kwa maana baadaye kidogo tutafanya hesabu ya kugawanya.

Wengi wenu mmeuona mchezo huu. Timu ni mbili, kila timu ina watu watano uwanjani, na kila moja hujaribu kuutia mpira katika kikapu cha mwenzake kilichotundikwa juu. Mkitazama mchezo wa timu kubwa mtaona kitu kingine pia. Juu ya kila kikapu kuna saa ndogo ambayo tarakimu zake hazipandi, bali hushuka: 24, 23, 22, na kuendelea. Mchezaji akiona zimebaki sekunde mbili au tatu huutupa mpira, apende asipende. Asipofanya hivyo filimbi hulia, na mpira hupewa timu ya pili.

Vijana wengi hudhani saa hiyo ilizaliwa pamoja na mchezo. Sivyo. Mchezo ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu mmoja, James Naismith, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliutungia sheria 13, wala hapakuwa hata moja iliyosema timu ikae na mpira kwa muda gani kabla ya kuutupa kikapuni. Saa ilikuja baada ya miaka 63, katika msimu wa 1954 na 1955, wakati ligi ya watu waliolipwa mshahara kwa kucheza, yaani N.B.A., ilipokuwa imedhoofika sana. Habari ya msimu huo ndiyo nitakayowasimulia leo.

UGONJWA WA LIGI

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Katika msimu wa 1949 na 1950 ligi hiyo ilikuwa na timu 17. Msimu wa 1953 na 1954 zilibaki 9 tu. Timu zilikufa moja baada ya moja kwa sababu fedha zilikosekana, na fedha zilikosekana kwa sababu watu hawakuwa tayari kulipa kiingilio. Kwa nini hawakuwa tayari? Kwa sababu mchezo ulikuwa unachosha macho.

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Timu ikishatangulia kwa pointi chache, haikuwa na haja tena ya kutafuta kikapu. Ilimpa mpira mchezaji wake hodari wa kuudunda, naye akazunguka nao uwanjani huku saa ya mchezo ikienda. Walikuwa wakiuatamia mpira kama kuku aatamiavyo mayai. Wale waliokuwa nyuma walikuwa na njia moja tu ya kuupata, nayo ni kumchezea vibaya yule mwenye mpira. Mwamuzi alipiga filimbi, mchezo ukasimama, na aliyechezewa vibaya akapewa mitupo ya adhabu. Kisha mambo yakaanza upya: kuatamia, kosa, filimbi, mitupo.

Nitatoa mifano miwili. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne ilikwenda kucheza Minneapolis. Timu ya Minneapolis ilikuwa na mtu mrefu mwenye nguvu, George Mikan, ambaye hapakuwa na wa kumweza. Watu wa Fort Wayne wakaona njia ya salama ni kukaa na mpira tu. Watazamaji walizomea, lakini sheria haikukatazwa kuvunjwa, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuvunja. Mchezo ulipokwisha Fort Wayne walikuwa na pointi 19 na Minneapolis 18. Katika dakika 48, kila timu ilikuwa imetia mpira kikapuni mara nne tu. Pointi nyingine zote zilitokana na mitupo ya adhabu. Na katika zile pointi 18 za Minneapolis, 15 zilifungwa na Mikan peke yake.

Mfano wa pili ni wa tarehe 21 Machi 1953, Boston walipopambana na Syracuse. Muda wa kawaida ulikwisha timu zikiwa sawa, wakaongeza muda mara nne. Bob Cousy wa Boston, fundi mkubwa wa kudunda mpira, alifunga pointi 50 siku hiyo, na Boston wakashinda kwa 111 kwa 105. Mtu akisikia pointi 50 atasema huo ulikuwa mchezo mtamu. Lakini katika hizo 50, pointi 30 zilitoka katika mitupo ya adhabu, wakati watu wengine wote wamesimama wakimtazama.

Hapa nataka mshike jambo moja, kwa sababu ndilo shina la somo letu. Wachezaji wale hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Walifanya jambo lililokuwa na faida kwao, na sheria iliwaruhusu. Kila timu ilipofuata faida yake, wote kwa pamoja walikuwa wakiufukuza umati uliowalisha. Ni kama mkutano ambao sheria zake hazimwekei msemaji kikomo. Mtu asiyetaka neno lipitishwe husimama akasema mpaka jua likachwa. Hatukani mtu wala havunji sheria, lakini mkutano umekufa.

HESABU YA BWANA BIASONE

Katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, alikuwako Bwana Danny Biasone. Alizaliwa Italia mwaka 1909, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuendesha nyumba ya mchezo wa kubiringisha tufe zito ili kuangusha vigingi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye timu ya Syracuse. Bwana Biasone, pamoja na msaidizi wake mkubwa katika uongozi, Leo Ferris, waliona kwamba kuwasihi wachezaji wacheze vizuri hakufai kitu. Lazima iwekwe sheria, na sheria hiyo iwe na kipimo.

Lakini kipimo gani? Sekunde 10? Sekunde 60? Sasa chukueni chaki na kalamu zenu.

Walijiuliza hivi: katika mchezo mzuri, ule ambao watu hutoka wamefurahi, kila timu hutupa mpira kikapuni mara ngapi? Wakaona kwamba ni kama mara 60. Timu mbili, basi, ni 60 mara 2, jawabu ni 120. Andikeni 120.

Mchezo una dakika 48. Kila dakika ina sekunde 60. Zidisheni 48 kwa 60. Jawabu ni 2,880. Hizo ndizo sekunde zote za mchezo.

Sasa gawanyeni 2,880 kwa 120. Nitanyamaza kidogo ili mmalize. Jawabu ni 24. Basi, kama kila timu itautupa mpira katika muda wa sekunde 24, mchezo utakuwa kama ile michezo mizuri ambayo watu waliipenda. Hesabu yote ndiyo hiyo. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuifanya, lakini ligi nzima ilikaa miaka kadhaa isiifanye.

Mwezi wa Agosti mwaka 1954 Bwana Biasone aliwaita wakubwa wa ligi waje Syracuse, wakaonyeshwa mchezo wa majaribio katika shule moja ya ufundi. Mwanzoni wachezaji walikuwa na haraka, wakautupa mpira ovyo kwa hofu ya saa. Baada ya kitambo waligundua kwamba sekunde 24 ni nyingi kuliko walivyodhani. Mtaweza kuyajaribu haya wenyewe baada ya somo: fumbeni macho, mmoja ahesabu sekunde 24 kwa saa, nanyi mtaona muda huo unatosha kwa mengi.

Ligi ikakubali. Pamoja na saa, wakaweka sheria ya pili, kwa maana waliona kwamba mtu akizibwa mlango mmoja hutafuta mwingine. Kila timu iliruhusiwa makosa sita katika robo moja ya mchezo. Ikizidisha, wapinzani hupewa mtupo wa adhabu wa ziada. Sheria ya kwanza ilizuia kuatamia mpira, na ya pili ilizuia kuununua mpira kwa makosa.

MSIMU WENYEWE

Mchezo wa kwanza wa ligi uliochezwa kwa saa hiyo ulikuwa tarehe 30 Oktoba 1954. Rochester waliwashinda Boston kwa pointi 98 kwa 95. Lilinganisheni jawabu hilo na lile la 19 kwa 18.

Msimu uliotangulia, timu moja ilipata kwa wastani pointi 79 na nusu katika mchezo. Msimu huu wastani uliruka ukafika 93. Boston walikuwa timu ya kwanza katika ligi hiyo kuwa na wastani wa zaidi ya pointi 100 kwa mchezo kwa msimu mzima.

Hata hivyo kuna funzo ndani yake. Boston walishinda michezo 36 wakashindwa michezo 36. Walifunga sana, na kufungwa walifungwa vilevile. Saa ilidai kila mtu afanye kazi, lakini haikusema kwamba mwenye mbio ndiye atakayeshinda. Waliomaliza mbele walikuwa Syracuse kwa upande wa mashariki na Fort Wayne kwa upande wa magharibi. Kila mmoja alishinda michezo 43 na kushindwa 29.

Si kila mmoja aliyefika mwisho wa msimu. Timu ya Baltimore, iliyopata ubingwa mwaka 1948, ilianza msimu huu ikiwa tayari imefilisika. Ilicheza michezo 14, ikashinda mitatu, na tarehe 27 Novemba 1954 ikafunga milango. Wachezaji wake waligawiwa timu nyingine, na michezo yake yote ikafutwa katika hesabu za ligi. Timu zikabaki nane. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini mgonjwa huyu alikuwa amezidiwa. Ndugu zangu, marekebisho yakicheleweshwa wako watu ambao hayatawakuta.

MCHEZO WA MWISHO

Mwezi wa Machi na Aprili mwaka 1955, Syracuse na Fort Wayne walikutana kushindania ubingwa. Atakayeshinda mara nne ndiye bingwa. Michezo miwili ya kwanza ilichezwa Syracuse, na wenyeji wakashinda yote miwili. Mitatu iliyofuata ilikuwa ya Fort Wayne, lakini ukumbi wao ulikuwa umekwisha kukodishwa kwa mashindano ya kubiringisha tufe, mchezo uleule uliompa Bwana Biasone riziki yake. Ikawabidi wakacheze mji wa Indianapolis. Hata hivyo walishinda mara tatu. Waliporudi Syracuse, wenyeji wakashinda mchezo wa sita kwa 109 kwa 104. Sasa zilikuwa tatu kwa tatu, na ukabaki mmoja tu.

Mchezo wa saba ulikuwa tarehe 10 Aprili 1955. Katika robo ya pili Fort Wayne walikuwa wametangulia kwa pointi 41 kwa 24. Tofauti hiyo ni pointi 17. Fikirini kama ingekuwa mwaka mmoja nyuma. Fort Wayne, walewale waliokaa na mpira kule Minneapolis, wangempa mpira mtu wao wa kudunda, na habari ingekwisha hapo. Lakini sasa kila baada ya sekunde 24 iliwapasa kujaribu kufunga, na walipokosa, Syracuse waliuchukua mpira. Kidogo kidogo pengo likajazwa. Karibu na mwisho timu zilikuwa sawa, 91 kwa 91.

Zilikuwa zimebaki sekunde 12 George King wa Syracuse alipotupa mtupo wa adhabu, ukaingia. Sasa ilikuwa 92 kwa 91. Fort Wayne wakaanza kupanda, na King huyohuyo akawanyang'anya mpira. Mchezo ukaishia hapo. Syracuse wakawa mabingwa kwa pointi moja, na waliokolewa na sheria ambayo mwenye timu yao ndiye aliyeipigania. Lakini kumbukeni kwamba sheria hiyo ilikuwa moja kwa wote. Kama Syracuse ndio wangetangulia kwa pointi 17, saa ingewahimiza wao.

SAA ILIPOISHIA

Katika timu hiyo ya mabingwa walikuwamo watu weusi wawili, Earl Lloyd na Jim Tucker. Walikuwa wa kwanza wa rangi yao kupata ubingwa wa ligi hiyo. Yafaa tumjue Bwana Lloyd. Alikulia Alexandria, jimbo la Virginia, akasoma katika shule za watu weusi peke yao, kwa kuwa sheria za huko zilitenga watoto kwa rangi. Tarehe 31 Oktoba 1950 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza mchezo wa N.B.A. Timu yake ya kwanza, ya mji wa Washington, ilikufa katika msimu huohuo. Akaingia jeshini, na alipotoka akaenda Syracuse. Msimu wa saa ya sekunde 24 alifunga kwa wastani zaidi ya pointi 10 kwa mchezo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwazuia wafungaji hodari wa upande wa pili.

Uwanjani saa ilimhesabia Lloyd sekunde zilezile ilizomhesabia kila mtu. Lakini mchezo ulipokwisha, iko miji ambako hakupokewa katika nyumba za kulia chakula walimokula wenzake. Mwaka uleule wa 1954, tarehe 17 Mei, Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa kupita sheria yoyote ya mchezo, lakini ilichukua miaka mingi na taabu nyingi kabla ya kufuatwa. Kwa nini saa ya mpira ilitii siku ya kwanza, na hukumu ya mahakama ikachelewa? Nadhani moja ya sababu ni hii: uwanjani palikuwa na mwamuzi mwenye filimbi, na timu zote zilikuwa zimekubali kumtii. Sheria isiyo na mwenye kuisimamia ni maandishi tu.

Lipo na jambo la pili ambalo saa haikulifanya. Iliiokoa ligi, lakini haikuiokoa miji midogo. Ligi ilipopata nguvu, timu zilivutwa na miji mikubwa yenye kumbi kubwa. Milwaukee walihamia St. Louis mwaka 1955. Fort Wayne walihamia Detroit mwaka 1957, na mwaka huohuo Rochester wakahamia Cincinnati. Minneapolis walihamia Los Angeles mwaka 1960. Na mwaka 1963 timu ya Syracuse yenyewe iliuzwa ikahamia Philadelphia. Mji uliotoa dawa ukabaki bila timu. Bwana Biasone alifariki mwaka 1992, na mwaka 2000 jina lake likaingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya watu mashuhuri wa mpira wa kikapu.

Sheria yenyewe ilisafiri mbali. Chama cha mpira wa kikapu cha dunia kilichukua wazo hilo mwaka 1956, kwanza kwa sekunde 30, na mwaka 2000 kikashuka hadi 24. Mwezi wa Mei mwaka 2021, ligi ya vilabu vya Afrika ilipoanza msimu wake wa kwanza mjini Kigali, Rwanda, saa zilizokuwa juu ya vikapu zilihesabu kutoka 24. Zamalek ya Misri ndiyo iliyotwaa ubingwa ule. Wangapi katika ukumbi ule walijua kwamba tarakimu hiyo ni jawabu la 2,880 kugawanywa kwa 120?

Basi, wasikilizaji, tukusanye tuliyojifunza. Watu wema wakifanya jambo baya siku baada ya siku, msianze kwa kuwalaumu. Tazameni kwanza kama sheria yao inamlipa asiyefanya kazi. Mkitaka kuibadili, wekeni kipimo kinachohesabika, kisha kijaribuni mbele ya watu kabla ya kukipitisha. Kiwe kimoja kwa wote, na awepo wa kukisimamia. Msingoje mpaka mwenzenu afilisike kama Baltimore. Na mkifaulu, msijidanganye kwamba mmemaliza yote.

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA VIKUNDI

1. Mchezo wa N.B.A. una dakika 48, na mchezo wa kanuni za dunia una dakika 40. Kama kila timu hutupa mpira mara 50 katika dakika 40, itakuwa sekunde ngapi kwa kila mtupo? Onyesheni hesabu yenu.

2. Kwa nini haikutosha kuweka saa peke yake? Elezeni kazi ya sheria ya makosa sita.

3. Fikirini chama chenu cha ushirika, kamati ya shule, au mikutano yenu ya kijiji. Je, iko sheria, au ukosefu wa sheria, unaomfaidia mtu kwa kutofanya kitu? Mngeweka kipimo gani, na nani angekisimamia?

Swali hilo la tatu msilimalize kwa dakika tano. Andikeni jawabu lenu, mlisome mbele ya kikundi, na wale ambao kipimo hicho kitawabana wapeni nafasi ya kusema kwanza.